Anayesema Shikamoo Asiingie

Kutoka kwa Bawabu wa Mlango Namba Mbili,
kwa sasa Maegesho ya Magari, chini ya bati.
Alhamisi, saa tano asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Filamu,
Ofisi ya ghorofani, mlango wenye pazia la kijani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWANGU MLANGONI, UPUNGUFU WA KARATASI ZA MAONYO, NA OMBI LA KUPITISHA SALAMU KAMA KIPIMO RASMI CHA UMRI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta umeudhika, basi uwe umeudhishwa na mtu mwingine. Mimi ni mzima, ila bati la hapa maegesho limepata moto na akili yangu inaiva taratibu chini yake. Nikikosea adabu mahali, usinihesabie.

Mimi ndiye yule mzee uliyemwajiri kwa siku sita kukagua umri wa watazamaji na kuwasomea maonyo ya filamu kabla hawajaingia. Kabla ya hapo nilikaa miaka ishirini na sita kwenye lango la shule ya sekondari, ambako wanafunzi waliniita Mzee Kufuli. Walidhani ni siri yao. Nililijua jina hilo wiki ya kwanza, nikajifanya silijui kwa miaka yote iliyobaki, maana lilinipendeza. Nalitaja ili ujue hukuokota mtu njiani. Kazi ya kufunga naijua vizuri. Ya kufungua ndiyo sikuwahi kupelekwa mafunzo.

Jana saa saba mchana nilivishwa fulana ya njano nikaambiwa nikaongoze magari. Magari yenyewe ni tisa, na mawili kati yake hayatembei. Kosa langu sijaelezwa kwa maandishi. Kwa hiyo naleta malalamiko kwa mpangilio, nikianza na lile dogo, ili hasira yako ipande ngazi polepole kama mtu mwenye magoti mabovu.

1. Kuhusu neno "busara".

Karatasi ya maelekezo ilisema: mlinzi atumie busara kutambua umri wa mtazamaji. Basi. Hakuna kipimo, hakuna mfano. Jumatatu nzima nilikaa na hiyo busara yangu tukitazamana. Watu hawatembei na vitambulisho. Mmoja alinionyesha picha ya kitambulisho kwenye simu iliyopasuka kioo, na ufa ulikuwa umepita juu ya mwaka wa kuzaliwa, sawasawa kabisa, kama vile simu ilipasuliwa kwa makusudi.

Nikaamua kutazama nyuso. Kwa kutazama nyuso nilimruhusu kijana mwenye koti la baba yake na masharubu ya wanja, tena nikamwita mkuu. Na nilimzuia daktari wa meno mwenye watoto watatu, nikimwambia akakue kwanza. Yule daktari hakukasirika hata chembe. Aliniuliza kama nina uhakika, akaniuliza tena, kisha akaondoka kwa madaha akijitazama kwenye vioo vya magari. Jumanne alirudi na wenzake wawili ili nao wazuiwe. Nikawaruhusu wote watatu, na hapo ndipo nilipopata lalamiko langu la kwanza kutoka kwa mteja.

2. Kuhusu kipimo nilichokivumbua, ambacho naamini kinastahili pongezi.

Jumanne asubuhi, nikiwa bafuni na sabuni machoni, akili ilinijia. Umri wa mtu uko mdomoni mwake. Mdogo humwamkia mkubwa shikamoo, mkubwa huitikia marahaba, na tangu tuzaliwe hakuna aliyedai cheti. Mimi nina miaka sitini na mitatu. Anayenipa shikamoo ni mtoto kwangu, na mtoto haingii filamu ya miaka kumi na minane. Anayesema "habari za kazi, mzee" ni mtu mzima anayejitegemea, apite. Anayesema "mambo" hana adabu, lakini karatasi yako haikutaja adabu mahali popote, naye apite.

Nakiri kulikuwa na kasoro ndogondogo. Watoto walikigundua kipimo ndani ya robo saa, wakapashana habari. Kufikia mchana ukumbi wako ulijaa vijana wa miaka kumi na minne waliopita wakisema mambo mzee, vipi mzee, freshi mzee. Nje juani kukawa na foleni ya watu wazima na heshima zao: walimu, wakunga, fundi umeme mmoja mwenye mvi, wote wamelelewa vizuri mno kuweza kuingia. Mama mmoja alinisihi sana. Nikamhurumia, nikamwambia arudie salamu. Alijaribu kusema "mambo" mara mbili, ulimi ukagoma, akapiga goti kidogo na kusema shikamoo tena. Nilimrudisha mwisho wa foleni nikiwa na majonzi, maana alikuwa na malezi mazuri kuliko watoto wa kwangu mwenyewe.

Kisha akaja bibi wa miaka themanini na kitu, anatembea na fimbo. Huyo nilimwamkia mimi. Alipoitikia marahaba ndipo nilipotambua kwamba mchimba kisima ameingia mwenyewe. Kwa kanuni yangu, mtoto pale alikuwa mimi, na mtoto haruhusiwi Mlango Namba Mbili. Sikuwa na la kufanya ila kujitoa. Nilikwenda kusimama mwisho wa korido mpaka bibi alipokwisha kukaa na kuvua viatu, kama dakika kumi hivi. Katika dakika hizo, kwa maelezo ya mama wa tiketi, waliingia watu arobaini na mmoja bila kukaguliwa, pamoja na bwana mmoja aliyekuwa anatafuta benki. Huyo wa benki alikaa mpaka mwisho na alilia.

Pamoja na hayo yote bado naamini kipimo ni kizuri, tatizo ni watu.

3. Kuhusu maonyo yenyewe.

Mimi kazi yangu kuonya, ninyi kazi yenu kuonyesha. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja na tulipaswa kuelewana. Lakini mashine yenu ya kuchapa iliishiwa wino, karatasi za maonyo zikatoka kijivu, zikawa zinasomeka kwa mtu mmoja tu aliyekaa nazo juani. Nikaagizwa nizisome kwa sauti.

Nimejifunza mengi. Nikisoma "huzuni", watu watatu au wanne wanatoka kwenye foleni wakitazama saa zao. Nikisoma "lugha chafu", foleni inarefuka. Ilipofika katuni ya sungura, iliyoandikwa kwamba ni ya watu wote na haina onyo lolote, nilisoma hivyohivyo, na foleni ikaingiwa na wasiwasi. Baba mmoja aliwashika watoto wake mikono akawarudisha nyumbani, akisema kitu kisichokuwa na onyo ndicho cha kuogopwa.

Jumanne hiyohiyo mwalimu mmoja mstaafu alitaka kujua filamu ya jioni ina matusi gani hasa, ili apime kama anayafahamu tayari. Swali la haki kabisa. Nikapiga simu ofisini. Yule dada wa ofisini, mtoto mpole wa watu, alinisomea orodha kwa sauti ya kunong'ona. Sikio langu la kushoto siku hizi linafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo kila neno nililirudia kwa sauti kubwa ili athibitishe. Nyuma yangu ilisimama familia yenye watoto watano, waliokuja kumwona sungura. Baadaye niliambiwa kwamba filamu ina matusi mawili tu. Onyo langu lilikuwa na manane, kwa sababu mengine niliyasikia vibaya nikayaunda upya.

Kwa hiyo napendekeza pawe na onyo la onyo. Kabla bawabu hajafungua mdomo, mtu mwingine apite kwenye foleni akiwatahadharisha watu kwamba bawabu yuko karibu kufungua mdomo.

4. Kuhusu filamu ya Jumatano, saa nne asubuhi.

Hapa naomba ukae chini, Mheshimiwa.

Filamu hiyo ilikuwa fupi, ya saa moja na kidogo, kumi na minane kwenda juu, na baada yake mwongozaji azungumze na watazamaji. Jina lake halikuandikwa kwenye karatasi yangu, au liliandikwa likapotelea kwenye ule ukijivu. Foleni ilikuwa ndefu. Nikapanda juu ya kiti, nikakohoa, nikasoma: filamu hii ina ukimya mrefu, machozi, na mzazi anayemfungia mtoto wake lango la shule.

Walio nyuma wakasema hawakusikia. Nikasoma tena kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja akauliza ni mzazi wa kike au wa kiume. Nikatazama karatasi, nikatangaza kwamba ni wa kiume. Mwingine akasema baba wa namna hiyo ni wa kufungwa yeye, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao pale juu ya kiti. Nikasoma mara ya tatu. Ilikuwa mara hiyo ya tatu ndipo nilipokisikia ninachokisoma.

Nilipotazama chini, mbele ya kiti alisimama binti yangu wa mwisho. Kadi ya tamasha aliivaa shingoni, imegeukia ndani. Alisema, "Shikamoo, baba." Nami nikasema, "Marahaba. Chini ya kumi na minane hawaingii."

Ana miaka thelathini na mitatu.

Hakubisha. Alitoka pembeni akaenda kukaa kwenye ngazi, mkoba juu ya mapaja, na akakaa hapo muda wote filamu yake ikiendelea ndani. Ukuta wenu ni mwembamba. Nilisikia watu wakicheka mara mbili na kunyamaza mara nyingi, na yeye alisikia pia. Ilipofika saa ya mazungumzo mlimtafuta mwongozaji kila mahali, kantini, chooni, hata kwa dada wa ofisini. Niliulizwa kama nimemwona. Nilijibu kwa ukweli mtupu kwamba mwongozaji sijamwona, nimemwona mtoto mmoja tu, nikamzuia. Mlipomkuta ngazini, watu walikuwa wameshaondoka kwenda kula.

Kwa kujitetea nasema sikujua. Nilijua anashika kamera, lakini majirani nimewaambia miaka yote kwamba anapiga video za harusi. Mwenyewe hakuwahi kunisahihisha, na mimi sikuwahi kumuuliza ni harusi za nani.

Jioni mama watoto alirudi nyumbani amevaa nguo yake ya kutokea. Kumbe naye alikuwepo. Aliingia kwa Mlango Namba Moja na tiketi aliyoletewa na mwanawe, wala hakunipitia. Aliandaa meza, akakaa, akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama siku ya ndoa. Alisema maneno mawili. "Umemfungia tena." Kisha akala, na tangu hapo tunazungumza habari za chumvi tu.

5. Maelezo ya neno "tena".

Inanibidi nilieleze neno hili, maana likiachwa peke yake linanikaa vibaya. Nikilieleza linanikaa vibaya zaidi, lakini angalau utakuwa umepata habari kamili.

Miaka kumi na sita iliyopita binti yangu alikuwa anafanya mtihani wa kumaliza shule, kwenye shule ileile ambayo lango lake nililinda mimi. Amri ya mwalimu mkuu ilikuwa kwamba siku za mtihani lango linafungwa saa mbili kasorobo na halifunguliwi kwa mtu yeyote. Amri hiyo niliipenda sana. Niliibandika ukutani kwenye kibanda changu kwa gundi ya kwangu.

Siku ya mtihani wa kwanza niliondoka nyumbani alfajiri, nikasahau miwani mezani. Mtoto alikuwa ameshafika karibu na shule alipokutana na jirani yetu aliyemwambia kwamba baba yake ameonekana anasoma orodha ya majina huku ameishika mbali kama mtu anayeogopa nyoka. Akajua. Akarudi nyumbani mbio kunichukulia miwani. Alipofika langoni nilikuwa nimekwisha kufunga. Alipitisha mkono kati ya nondo akanipa. Niliivaa, Mheshimiwa. Niliivaa, nikaitazama saa, na kwa msaada wa miwani ile niliona vizuri kabisa kwamba amechelewa dakika nne.

Sikufungua. Walikuwepo wazazi wengine pale nje, na watoto wao wawili waliochelewa, na nilijua wanangoja kuona kama nitamfungulia wa kwangu. Niliona kwamba nikifungua, jina langu litakwisha. Mwalimu mkuu alinisifia mbele ya walimu wote kwenye kikao cha mwezi ule, nikapewa cheti. Binti yangu alirudia mwaka mzima. Cheti kipo sebuleni, juu ya redio, na mpaka wiki hii sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye akija hakai upande ule.

Sasa tazama utaratibu wenu unavyonichanganya. Siku ile alikuwa na miaka kumi na saba. Tukio lenyewe alilipata bila onyo, bila karatasi, bila mtu wa kumuuliza umri. Leo kulitazama tu kwenye skrini, ukiwa umekaa kwenye kiti chenye sponji, kunahitaji kumi na minane.

Tangu siku hiyo mazungumzo yetu ni haya: yeye husema shikamoo, mimi husema marahaba, kisha hunipita kwenda jikoni kwa mama yake. Kila Jumapili. Hajaacha hata mara moja. Na mimi nilijiambia kwamba mtoto anayekuamkia vizuri namna ile hana neno moyoni. Ile shikamoo nilikuwa naipokea kama msamaha, naiweka mfukoni, narudi kwenye gazeti langu.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nilimzuia Jumatano, jibu rasmi ni kipimo. Jibu lisilo rasmi ni kwamba niliogopa. Niliogopa asimame mbele ya watu aulizwe kama hadithi ni ya kweli, na watu wakitoka wanikute pale juu ya kiti na karatasi mkononi. Aibu ya dakika moja niliikwepa kwa kumpa yeye aibu ya saa moja na kidogo. Nimelifikiria sana jambo hili huku nikiongoza magari, na gari moja nimelielekeza kwenye mtaro.

6. Kwa hiyo, maombi yangu kwa Kamati.

Lawama naiweka kwenye utaratibu, kwa sababu mahali pengine pa kuiweka napaona ila sipapendi.

Katika tamasha zima mtu pekee ambaye hakuonywa ni mwonyaji. Watazamaji mmewalinda na moshi wa sigara, mmewalinda na taa zinazowaka na kuzima, na mmewalinda na mbwa anayekufa dakika ya arobaini. Bawabu mkamkabidhi karatasi akajisomee maisha yake mwenyewe kwa sauti, mara tatu, juu ya kiti, mbele ya watu mia. Naomba kila bawabu aulizwe mapema ana watoto wangapi na amewafanyia nini, kisha apangiwe filamu zisizomhusu. Ikishindikana kupata filamu za namna hiyo, apewe barabara aelekeze magari, lakini aelezwe kwa upole.

Pili, miaka ya chini mmeiweka ila ya juu mmeisahau. Naomba pawe na daraja jipya: hairuhusiwi kwa akina baba. Baba mwenye miaka chini ya sabini aingie akiwa ameambatana na mtoto wake, atakayemshika mkono kwenye sehemu ngumu. Baba ambaye watoto wake hawataki kuambatana naye, Kamati imwazime mtoto wa mtu mwingine. Aliyevuka sabini aachwe aingie tu, huyo hakuna kitakachomwingia.

Tatu, filamu yoyote yenye lango, geti, komeo, kufuli, kengele ya shule, saa ya ukutani au miwani iwekewe alama nyekundu. Nimepitia ratiba yenu yote kwa kigezo hicho. Inabaki ya sungura, na hata huyo ana shimo lenye mfuniko, namwomba dada wa ofisini alichunguze.

Nne, filamu ile isirudiwe Jumamosi kama ilivyopangwa. Ni nzuri, sikatai, ingawa sijaiona. Lakini mimi naishi mtaa huuhuu, nanunua mkate hapohapo, na nina jina.

Tano, nirudishwe Mlango Namba Mbili kabla ya kesho, na kipimo changu cha salamu kipitishwe rasmi, kipigwe muhuri, kibandikwe ukutani. Gundi ninayo.

Nangoja jibu kwa maandishi, kwa wino unaosomeka. Nisalimie Kamati yote, mama wa tiketi, na fundi wa projekta ambaye hunipa pole bila kujua ya nini. Msalimie dada wa ofisini, umwambie yale maneno sitayarudia tena. Ukimwona daktari wa meno, mwambie bado anaonekana mtoto.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu kupita kiasi,

Mzee Kufuli,
Mlango Namba Mbili (kwa sasa fulana ya njano).

Tanbihi: Leo ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Barua ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha, nimeifungua mwenyewe.

Saa saba binti yangu alikuja hapa maegesho kuchukua gari la rafiki yake. Nilimwongoza atoke kinyumenyume, njoo, njoo, kata kushoto, ingawa nafasi iliyokuwepo ingetosha lori. Alipokuwa sambamba nami alishusha kioo. Alisema, "Habari za kazi, mzee." Nikasema nzuri. Akapandisha kioo akaenda.

Kwa kipimo changu amefaulu. Ni mtu mzima anayejitegemea, apite popote bila kuulizwa. Tangu saa saba nimekaa juu ya tofali najaribu kufurahi kwamba kipimo kinafanya kazi. Sifurahi. Miaka kumi na sita nilikuwa na neno moja tu kutoka kwake, nami nikaliandikia kanuni ya kumfukuzia mlangoni, na leo hakunipa. Naumia, Mheshimiwa. Sijui namna nyingine ya kuliandika jambo hili kiofisi.

Basi futa kipimo. Futa na maombi yote matano, na hilo la akina baba ulifute kwanza. Filamu irudiwe kesho kama ilivyopangwa. Mlango siutaki, mpe mtu mwingine. Naomba tiketi moja, kiti chochote, hata nyuma ya nguzo, na huyo atakayekuwa mlangoni asinisomee onyo, nimeshalisoma vya kutosha. Mazungumzo yakianza na ukaniona nimenyoosha mkono, naomba niletewe kipaza sauti. Swali sina. Nataka kusimama nimpe shikamoo mimi, mbele za watu. Akitaka ataitikia, asipotaka nitakaa chini, na wenye kucheka wacheke.